Mistari Mitatu ya Mwalimu wa Udereva

Mwalimu wangu wa udereva hakupenda mtu aliombe gari msamaha. Siku ya kwanza lilinizimikia mbele ya maduka ya Hamriya, mjini Maskati, magari ya nyuma yakapiga honi, nami nikajikuta nasema "pole, pole" huku nikiupapasa usukani kama ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Gari halina masikio, mwanangu. Lina klachi. Kanyaga, washa, twende."

Kwenye kiti cha nyuma mkewe hakuinua uso. Alikuwa akidarizi kofia. "Na kioo utazame," akaongeza, akavuta uzi.

Ndivyo walivyofundisha wanawake, mume na mke pamoja. Mwalimu hakutaka kukaa garini peke yake na mke wa mtu au binti wa watu, kwa hiyo mkewe alipanda nyuma na kofia zake, akazidarizi kutoka Ruwi mpaka Qantab, kona zile zote za mlimani, na kurudi, bila kujichoma kidole. Kwa miaka aliyokaa kiti kile alijua kila fundisho kwa moyo. Mara nyingi yeye ndiye aliyelisema kwanza. Lakini leseni hakuwa nayo. Mumewe alishafundisha wanawake wengi mjini, ila yeye alimjaribu mara moja tu, na wote wawili walikataa kunieleza kilichotokea siku hiyo. "Tulichagua ndoa," mkewe aliniambia, na hapo ndipo habari ilipoishia.

Nilifika Maskati katikati ya miaka ya tisini kutoka Nakuru, kuoka keki katika duka moja la mikate Hamriya. Tajiri wetu alikuwa anafungua duka la pili Al Khuwair, kule kwenye ofisi za wizara, ambako kila mtu akipandishwa cheo au akistaafu lazima keki ikatwe. Aliniambia duka hilo nitalisimamia mimi, na msimamizi ataruhusiwa kuleta familia yake. Nyumbani nilikuwa nimeacha watoto wawili kwa mama yangu. Wa mwisho alikuwa ameanza kuniita "anti" kwenye simu. Sharti lilikuwa moja: msimamizi aendeshe mwenyewe gari la kupelekea keki. Nikikosa leseni, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Nikatafuta mwalimu anayejua Kiswahili. Kila Mkenya niliyemwuliza alinipa namba ileile.

Alikuwa mtu mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka unadhani ingesimama yenyewe, kichwani kofia ya mkono wa mkewe. Alizungumza Kiswahili cha Unguja na sisi, Kiarabu na askari wa mtihani, na Kiingereza na gari likiharibika. Mizunguko ya barabarani, ambayo sisi Kenya tunaiita raundabauti, yeye aliiita kipilefti, kama walivyoiita kwao, ingawa Maskati tunaendesha upande wa kulia. "Ingia kipilefti kwa kulia," angesema, nami nikachanganyikiwa mpaka nikasimama katikati.

"Mwalimu, ni lefti au ni kulia?"

"Kipilefti ni jina tu. Kwani kila aitwaye Saburi ana subira? Yalla, nenda."

Kikombe cha chai alikishika mkononi muda wote wa somo, bila kifuniko. Hakukuwa na haja ya kukusifu wala kukukemea. Ulitazama kanzu yake. Ikifika Qantab bado nyeupe, umeendesha vizuri. Sauti hakuipandisha. Alisema "breki" kwa upole kabisa, kama mtu anayekuomba umpitishie chumvi, na ukija kugutuka mguu wake ulikuwa umeshakanyaga ile breki ya pili iliyofungwa upande wake.

Mtihani wetu ulikuwa na sehemu ya kurudi nyuma kati ya mapipa yaliyopangwa. Mapipa hayo yalinitesa. Nikilala nayakuta usingizini. Mwalimu alikuwa na neno juu yake pia: "Pipa halihami. Ukiligonga, wewe ndo ulolifata."

Lakini mtu huyu aliyetufundisha uvumilivu barabarani hakuwa nao hata kidogo akiwa kwa miguu. Alivuka barabara ya Hamriya kama mtu aliyeweka roho ya akiba nyumbani. Akipanda gari la mwingine hakutulia. Alikanyaga sakafu njia nzima, akateremka amechoka kuliko dereva. Alituhimiza kuwahi, na yeye mwenyewe akienda kununua nyanya aliweza kuzungumza na muuzaji mpaka adhana ya adhuhuri, akarudi hana nyanya. Mkewe alikuwa akimsikiliza akihubiri juu ya utulivu, anakata uzi kwa meno na kutazama nje ya dirisha.

Na alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine wa udereva. Kila mwaka mpya aliwapigia simu wanafunzi wake waliofaulu, asubuhi ya tarehe mosi, akawasomea shairi la mistari mitatu la kuchekesha. Halafu akakata simu.

Jambo hili alilipata kwa Mjapani. Kabla ya kufundisha alikuwa dereva wa mhandisi mmoja kutoka Japani aliyekuja kwa kazi ya mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Alinisimulia siku tuliyosimama kungoja foleni ya mafuta.

"Bwana yule hasemi," akaniambia. "Mie nnasema mchana kutwa, yeye kimya. Nikadhani hanipendi. Siku moja, tarehe mosi Januari, kapanda gari, kafunga mkanda, katamka kitu kwa Kijapani, kisha kacheka peke yake. Nikaona leo ntamrejesha kwao na maradhi."

"Alikuwa amesema nini?"

"Shairi. Akanieleza kwa Kiarabu chake kibovu na Kiingereza changu kibovu. Kwao mwaka mpya ni msimu mbali, una mashairi yake. Kila kitu kinahesabiwa cha mwanzo. Ndoto ya mwanzo, jua la mwanzo, hata cheko la mwanzo lina neno lake. Yeye alipanga aamke alfajiri alione jua la mwanzo. Basi likamwamsha jua lenyewe, lishapanda. Ndo shairi lake hilo. Mizani tano, saba, tano. Nikamwuliza, limekwisha? Akasema limekwisha. Nikamwambia kama ni hivyo tu hata mie nnaweza."

"Ukaweza?"

"Mwaka mzima sikuweza," akasema. "Maneno yangu yote marefu."

Mwishowe aliweza, na alipoweza hakuacha tena, hata baada ya mhandisi kurudi kwao. Shairi lake la kwanza lilitokana na jambo la kweli, maana enzi hizo Hamriya mbuzi waliteremka kutoka vilimani na kuzurura mpaka milangoni:

*Mwaka wabisha,*
*nafungua mlango:*
*kumbe ni mbuzi.*

Mhandisi alikuwa amemfundisha kwamba shairi la aina hii halikamiliki bila alama ya msimu ndani yake, ua fulani au mvua fulani. Hili lilimpa taabu Mwalimu. Maskati, alisema, kuna misimu miwili, joto, na joto lililokwenda likizo. Lakini alitafuta. Mwaka mwingine akaja na hili:

*Leo baridi,*
*navaa sweta langu.*
*Jua lacheka.*

Watu walimwuliza kwa nini yeye, Mwislamu, anashughulika na mwaka wa Januari. Jibu lake lilikuwa kwamba watu wa Unguja wana miaka mipya mitatu, wa Kiislamu, wa Kizungu na ule wa kuogea baharini, na yote wanaiingia na nguo za zamani. "Mwaka si wa dini wala si wa serikali," alisema. "Ni mgeni. Mgeni akija umchekeshe kwanza, habari mbaya atazijua mbele."

Aliyempinga hasa alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alikuwa mshairi wa kweli, wa vina na mizani, aliyeandika mashairi ya arusi na ya maombolezo kwa familia zote za Unguja pale mjini. Alikuja kwao kila Ijumaa baada ya sala, na mimi niliwahi kuwakuta siku moja nilipopeleka keki. Walikuwa wamekaa chini na sahani ya haluwa kati yao.

"Mistari mitatu," shemeji alikuwa akisema. "Kina cha kati hakuna, cha mwisho hakuna. Shairi hilo limevaa shati bila suruali."

"Kwa joto la Maskati linatosha," Mwalimu akajibu.

"Wewe unacheza. Shairi ni kazi."

"Na mie nnafanya kazi. Wewe una beti kumi za kumsifu bwana arusi, ukikosea moja tisa zinakustiri. Mie nna mizani kumi na saba. Ikianguka moja tu, watu wote wanaiona kama jino."

Shemeji hakukubali. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, nyinyi Kenya hamfanyi mambo haya?" Nikamwambia sisi mwaka mpya tunakesha kanisani, na mchungaji wetu hajui kufupisha chochote. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Ubishi ule ulidumu miaka, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Mwalimu alilinda mizani zake kwa ukali ambao hakuwa nao hata kwenye mtihani wa barabarani. Nilimwona akizihesabu kwa kugonga vidole juu ya dashibodi, tano, saba, tano, akitikisa kichwa, akianza tena, huku mimi nikizunguka mapipa. Mwaka mmoja aliapa kupunguza uzito kwa amri ya daktari, nalo likawa shairi:

*Tarehe mosi*
*naapa kupungua.*
*Haluwa hiyo.*

Mimi nilifeli. Mara ya kwanza mapipa, mara ya pili mapipa, mara ya tatu nikayapita mapipa na kufeli barabarani kwa sababu nilimpita mwenye lori bila kuwasha taa ya pembeni. Askari alizima injini, akanishukuru kwa adabu na kuniambia nirudi siku nyingine. Ilikuwa Desemba. Tajiri alikuwa ameshapaka rangi duka la Al Khuwair, na aliniambia bila hasira kwamba baada ya mwaka mpya atahitaji jibu. Nilimpigia Mwalimu nikamwambia naacha. Nilisema nitaendelea kuoka tu, wengine wanaoka maisha yao yote.

"Sawa," akasema. Nilitegemea anibembeleze. Hakunibembeleza.

Asubuhi ya tarehe mosi mwenzangu wa chumbani akaniita, nina simu. Nilijua shairi ni la waliofaulu, kwa hiyo sikufikiria ni yeye. Hakunisalimia.

"Mwaka wapita," akasema, "bila kuwasha taa. Haufelishwi."

Halafu akakata.

Nilisimama pale na simu mkononi. Kwanza nilikasirika, maana kosa langu alikuwa amelifanya mchezo. Kisha nikacheka. Nikaingia jikoni kuchemsha chai nikacheka tena, na mwenzangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kueleza. Tangu lile lori sikuwa nimecheka. Kesho yake nilikwenda kwake mwenyewe, nikamkuta analipangusa gari.

"Nataka mapipa," nikamwambia.

"Nani kakukataza?" akasema, akamwita mkewe aje na kofia zake.

Tulifanya mazoezi kila nilipotoka kazini. Mwalimu aliacha hata kuzungumza, jambo lililoniogofya kuliko mapipa. Mtihani ulipofika, askari alikuwa yuleyule. Nilirudi nyuma, nikaingia barabarani, nikawasha taa kwa kila kitu, hata kwa paka. Aliponipa karatasi ya kufaulu nilitazama kule walikosimama. Mkewe alikuwa ameinua kofia juu, sindano inaning'inia. Mwalimu alikuwa ameshaanza kumwelekeza mwanafunzi mwingine.

Watoto wangu walifika mwaka huohuo. Niliwachukua uwanja wa ndege na gari la keki.

Miaka ikasonga. Simu za mkononi zikaingia na Mwalimu akaanza kutuma mashairi kwa ujumbe. Aligombana na simu hizo kwa sababu zilipanga mistari zinavyotaka zenyewe. Wakati mwingine alituma, kisha akapiga kuuliza mstari wa kwanza umeishia wapi. Yeye na mkewe walihamia nyumba ndogo yenye ua Al Khuwair, karibu na duka langu, upande wa pili wa kichochoro kilichokuwa na gereji. Nilimpelekea mkate mara kwa mara. Aliendelea kufundisha. Alisema atastaafu siku Hamriya itakapokosa mtu wa kuzimikiwa na gari.

Halafu akaanguka. Ilikuwa kabla ya baridi kuanza, alikuwa akiosha gari. Mkewe alisikia ndoo ikipinduka, na alipotoka akamkuta amekaa chini kwenye maji, anamtazama, mdomo umekwenda upande. Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, na kilichukua maneno.

Nilikwenda kumwona aliporudishwa nyumbani. Nilimsalimia, nikamuuliza anaendeleaje.

"Breki," akasema.

Nilimtazama mkewe. Alinivuta mpaka jikoni.

"Limebaki hilo moja," akaniambia. "Ukimwuliza chai, breki. Ukimwuliza wapi panauma, breki. Jana kaniambia breki, breki, breki, na mie nlijua kabisa kanitukana." Alitaka kucheka na uso ukamshinda. "Anafahamu kila kitu. Ndo kinachomuua hicho."

Wanafunzi wake wa zamani walikuja kwa wingi mwanzoni. Walizungumza naye polepole, kwa sauti kubwa, kama na mtoto, naye akafumba macho. Baadaye akawa anageukia ukutani mara tu akisikia hodi. Mkewe aliacha kudarizi. Kofia moja ilibaki juu ya friji na sindano ndani yake kwa wiki nyingi.

Aliyeligundua jambo alikuwa shemeji. Siku moja alipokuwa akisali kando ya kitanda alimsikia mgonjwa anaisoma Fatiha pamoja naye, neno kwa neno, safi, na alipomaliza akamwuliza kitu, akajibiwa breki. Mtaalamu wa usemi hospitalini aliwaeleza kwamba hutokea. Maneno ya kuzungumza yanapotea, lakini yaliyowekwa kwa mapigo, ya dua au ya wimbo, huenda yakabaki. Shemeji alirudi nyumbani akamwambia dada yake, "Mlango haujafungwa. Umerudishwa tu."

Akaanza kuja kila siku. Alikaa kitandani, akaugonga goti la mgonjwa kwa vidole: tano, saba, tano. Alitumia yale mashairi ya zamani ya mwaka mpya, yaleyale aliyoyadharau. Kumbe alikuwa anayajua yote. Mwaka wabisha, nafungua mlango. Mwalimu alimtazama kinywa, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Lilipotoka neno "mbuzi" kwa mara ya kwanza, likiwa limepinda, mkewe aliniita dukani kwa simu niende kulisikia.

Lakini Mwalimu hakutaka ya zamani. Desemba ilikuwa inakwisha na yeye alikuwa na jipya kichwani, na hakuna aliyejua ni lipi. Nilifika alasiri moja nikawakuta wanagombana. Shemeji alikuwa amekaa na uso mwekundu, Mwalimu anapiga meza kwa mkono wa kushoto.

"Mwaka, ingia," shemeji akanieleza. "Hilo tumelipata tangu juzi, kwa yeye kuonyesha kalenda na mlango. Sasa kauonyesha ulimi. Ulimi umefanya nini? Nimemwambia, 'ulimi umelala'. Ni mizani saba kamili, tena tamu."

"Breki," Mwalimu akasema.

"Ulimi wachoka, basi."

"Breki."

"Hiyo ni sita hata hivyo," shemeji akakiri.

Mwalimu alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani. Tulitazama. Kulikuwa na ukuta, kichochoro, na mtu amelala chini ya gari akigongagonga.

"Fundi?" nikauliza. Akatikisa kichwa, lakini mkono hakuushusha. "Gari? Nyundo?" Alifumba macho kwa hasira. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Gereji," mkewe akasema.

Mkono ukashuka. Shemeji alitembeza vidole juu ya goti lake mwenyewe, akihesabu. Kisha akaanza kutabasamu, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutabasamia mistari mitatu. "Ulimi u gereji," akasema. "Saba. Mshenzi huyu."

Tangu siku hiyo walifanya kazi asubuhi na jioni. Mwalimu alikataa kulisema mbele yetu kabla ya wakati wake. Nikipita na mkate niliwasikia nyuma ya mlango, vidole vikigonga, sauti nzito ikijikwaa na kurudi mwanzo. Wakati huohuo alianza kushuka kitandani. Mkewe aliniambia akianguka anakataa kuinuliwa, anabaki chini mpaka apate njia yake ya kusimama.

Asubuhi ya tarehe mosi tulikwenda wachache, wanafunzi wake wa miaka mbalimbali. Nilipeleka keki. Mkewe alikuwa ametengeneza chai ya maziwa na vitumbua. Yeye alikaa kwenye kiti, kanzu imepigwa pasi, mkono wa kulia amewekewa juu ya paja. Shemeji alikaa karibu naye, lakini vidole vyake alikuwa amevikunja. Alikuwa ameambiwa asiguse goti la mtu.

Hakukuwa na hotuba. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja mpaka tukanyamaza.

"Mwaka," akasema. Akavuta pumzi. "Ingia."

Tulingoja.

"Ulimi," akasema. "Ulimi. Breki."

Alisikia mwenyewe. Uso ukamwiva. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akafungua mdomo kumsaidia, na mkono wa kushoto wa Mwalimu ukainuka, wazi, kama wa askari wa barabarani. Mama yule akafunga mdomo. Mwalimu aliurudisha mkono kwenye goti lake, akagonga polepole, akaanza tena toka mwanzo.

"Mwaka, ingia. Ulimi u ge-re-ji." Akatulia hapo kidogo, kama anayebadilisha gia. "Twende miguu."

Hakuna aliyecheka. Machozi yalikuwa yananitoka, na wengine pia, na niliona jinsi alivyotutazama: hakuwa amefanya kazi ile yote ili tulie. Aligeuza macho kwa mkewe, mlangoni. Mkewe alikuwa ameshika birika. Midomo ikamtetemeka, akajaribu kuizuia, kisha akacheka kicheko kikubwa cha kutoka tumboni mpaka birika likagonga sinia. Sote tukafuata. Shemeji alipangusa macho kwa ncha ya kilemba chake.

"Haina vina," akasema.

Nilipoaga, Mwalimu alisimama kunisindikiza. Mwanafunzi mmoja alisogeza kile kiti cha magurudumu, naye akakipita kama hakukiona. Nilimpa mkono wangu, hakuushika, alishika ukuta. Tulivuka ua, mguu wa kulia akiuburuta, akisimama, akienda. Sikumharakisha. Kule ndani nilisikia watu bado wanarudiana ile mistari, kila mmoja akiisema anavyoijua.

Tulifika langoni. Alitazama kichochoro chote, gereji ambayo bado haijafunguliwa, halafu gari langu. Nilikuwa nimefika kwa haraka na keki kwenye kiti, nikaliacha tu pale, gurudumu moja juu ya ukingo, mkia umetokeza barabarani.

Midomo yake ikaanza kufanya kazi. Nilidhani anataka kuniaga, na nilijua litakalotoka ni breki, nikajiandaa kulipokea kwa heshima.

"Ovyo," akasema.

Nilimtazama. Na yeye alikuwa amejisikia, macho yamemtoka. Hakuna aliyekuwa amemfundisha neno lile, hakuna aliyeligonga gotini.

"Kasema nini?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Anasema nimepaki ovyo," nikamwambia.

Mkewe alikaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa ushungi. Mimi niliingia garini, nikalirudisha lote barabarani, nikaanza upya. Mwalimu alisimama langoni kwa miguu yake, mkono wa kushoto ukinielekeza, nyuma, nyuma, kidogo, mpaka gari likalala sambamba na ukuta.